Maswali ya Wasomaji: Utajuaje Kama Pawasaplai ya Kompyuta Inamudu Kazi Yake?

Barua za wasomaji kuhusu pawasaplai za kompyuta za mezani, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa soketi kuwa volti ndogo zinazotumiwa na kompyuta, zina jambo moja linalofanana: mwandishi ameambiwa kwamba kifaa chake ni kizima, au ni bora, kwa kigezo ambacho hakielezi kifaa hicho kinafanya nini kinapobebeshwa mzigo. Tumechagua maswali machache, na pale ambapo jambo linahitaji maelezo marefu hatukuyafupisha.

SWALI: Mhariri, kompyuta yangu hujizima na kuwaka upya yenyewe kila ninapoanza kuhariri video, ilhali ninapoandika au kusoma haina tatizo lolote. Fundi aliitoa pawasaplai, akaunganisha waya wa kijani na mweusi, feni ikazunguka, kisha akapima waya wa njano na kupata volti 12.1. Akasema ni nzima. Je, kipimo hicho kinatosha?

JIBU: Hakitoshi. Alichothibitisha fundi ni kwamba pawasaplai inawaka, na kwamba ikiwa haibebi kitu hutoa volti zilizo karibu na zile zinazotakiwa. Waya wa kijani hubeba amri ya kuwasha kutoka kwenye ubao mama. Ukiunganishwa na mweusi, pawasaplai huchukulia kwamba imeagizwa kuanza kazi. Lakini mpagazi hapimwi kwa jinsi anavyosimama mikono mitupu. Katika hali hiyo mkondo unaotoka ni mdogo mno, vipande vya ndani ni baridi, na hata kapasita (kipande kinachohifadhi chaji ya umeme) iliyochoka bado huweza kumudu. Tatizo lako hujitokeza pale prosesa na kadi ya grafiki zinapodai mkondo mwingi kwa wakati mmoja, na hapo ndipo kipimo kinapopaswa kufanyika.

Mwongozo wa ATX, ulioanzishwa na Intel mwaka 1995 na unaofuatwa hadi leo na watengenezaji wengi wa kompyuta za mezani, kwa kawaida huruhusu njia za umeme zinazotoka kwenye pawasaplai, yaani za volti 12, volti 5 na volti 3.3, kupanda au kushuka kwa asilimia 5. Kwa hiyo njia ya volti 12 inatakiwa kubaki kati ya volti 11.40 na 12.60, na njia ya volti 5 kati ya 4.75 na 5.25. Njia ya volti 12 ndiyo ya kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu katika kompyuta za sasa karibu nguvu yote hupitia humo: prosesa na kadi ya grafiki huichukua na kuishusha zenyewe hadi kufikia volti 1 hivi.

Rudisheni pawasaplai mahali pake, kompyuta iwashwe kama kawaida, na multimita iwekwe kwenye kipimo cha volti za mkondo nyoofu (DC), si cha ampea. Mahali salama pa kuanzia ni kiunganishi cha pini nne kisichotumika, kile kilichokuwa kikitumika kwa diski za zamani: pini mbili za katikati ni za waya mweusi, ya pembeni upande mmoja ni volti 12 na ya upande wa pili ni volti 5. Andika namba inayoonekana kompyuta ikiwa imetulia, kisha anzisha kazi nzito inayoitumikisha prosesa pamoja na kadi ya grafiki, uiache iendelee kwa muda hadi joto litulie, halafu usome tena. Ncha ya mita isiguse pini mbili kwa pamoja hata kidogo.

Katika kusoma matokeo, tofauti kati ya namba hizo mbili ina uzito kuliko namba yoyote ikiwa peke yake. Pawasaplai inayotoka volti 12.10 hadi 11.98 imeshuka kwa takriban asilimia 1, na hiyo ni tabia nzuri. Ile inayotoka 12.10 hadi 11.50 bado imo ndani ya mpaka unaoruhusiwa, lakini imeshuka kwa karibu asilimia 5 na inaonyesha kwamba inaelemewa, nisingeiamini. Kumbuka pia kwamba kiunganishi kisichotumika hakipitishi mkondo, kwa hiyo kinakuonyesha volti zilivyo pale zinapotoka kwenye pawasaplai. Fundi makini akipima pia nyuma ya plagi ya kadi ya grafiki inayofanya kazi, atapata namba ndogo kidogo, na tofauti hiyo ndiyo inayopotelea kwenye waya na kwenye pini. Ikiwa ni kubwa, au ikiwa plagi ina joto la kuunguza mkono, huenda kasoro iko kwenye waya au pini na pawasaplai yenyewe haina hatia.

Kuna jambo ambalo multimita haitakuonyesha, na kwa dalili ulizoeleza huenda ndilo lenyewe. Mita ya kawaida husoma wastani wa volti na kubadilisha namba zake mara chache tu kwa sekunde, ilhali kadi ya grafiki huweza kurukia mara mbili ya matumizi yake ya kawaida kwa muda ulio chini ya milisekunde moja. Katika mruko huo volti zinaweza kuporomoka na kurudi kabla mita haijatambua chochote. Ndiyo maana toleo la ATX 3.0 la mwaka 2022 liliweka sharti kwamba pawasaplai zenye kiunganishi kipya cha kadi za grafiki zistahimili miruko inayofika asilimia 200 ya uwezo wao kwa mikrosekunde 100. Pawasaplai za kabla ya hapo hazikuwa na sharti hilo, ingawa nyingi zilizotengenezwa vizuri zinaweza kuustahimili mruko mkubwa.

Zingatia pia namna kompyuta inavyozimika. Waya wa kijivu hubeba ishara inayouambia ubao mama kwamba umeme uko sawa, na ishara hiyo ikikatika hata kwa kitambo kifupi, ubao mama huanza upya. Kinga za ndani, kwa mfano ile ya mkondo kupita kiasi, kwa kawaida huizima pawasaplai na kuiacha imezimika mpaka iwashwe tena. Kompyuta yako hujiwasha yenyewe, jambo linaloelekeza zaidi kwenye ile ishara, ingawa prosesa iliyopata joto kupita kiasi au kumbukumbu yenye kasoro huweza kuleta dalili inayofanana nayo. Jaribio la kukata shauri ni kuazima pawasaplai inayojulikana kuwa nzima na yenye uwezo wa kutosha, kisha kurudia kazi ileile ya kuhariri video. Nikiwa na nafasi ya kufanya jaribio moja tu, ningechagua hilo kabla ya kipimo chochote cha mita.

SWALI: Nimeambiwa ninunue pawasaplai yenye nembo ya dhahabu ya 80 PLUS kwa sababu inatoa umeme safi zaidi kuliko ya shaba. Tena mtu mwingine amesema kwamba pawasaplai ya wati 500 yenye ufanisi wa asilimia 80 hutoa wati 400 tu. Yupi yuko sahihi?

JIBU: Kwa masikitiko, hakuna aliye sahihi, na kosa la pili ndilo rahisi kulirekebisha. Wati 500 zilizoandikwa ni zile zinazotoka kwenda kwenye kompyuta. Ufanisi wa asilimia 80 unamaanisha kwamba ili itoe wati 500 hizo, itavuta wati 625 kutoka kwenye soketi, na wati 125 zitageuka kuwa joto ndani ya boksi lake. Ukilinganisha kwa mzigo wa wati 400, ufanisi wa asilimia 80 huzalisha joto la wati 100, na wa asilimia 90 huzalisha wati 44 hivi. Tofauti hiyo si ndogo: feni huzunguka polepole zaidi, kelele hupungua, na kapasita hukaa katika mazingira yenye nafuu.

Nembo yenyewe, ambayo programu yake ilianza mwaka 2004, hupima mambo mawili tu, yaani ufanisi na kigezo cha nguvu (uwiano kati ya wati zinazotumika na volti-ampea zinazovutwa kwenye soketi). Kwa umeme wa volti 115, daraja la shaba hudai ufanisi wa asilimia 82 kwenye mzigo wa asilimia 20, asilimia 85 kwenye nusu ya mzigo, na asilimia 82 kwenye mzigo kamili. Daraja la dhahabu hudai 87, 90 na 87. Daraja la titani ndilo lililoongeza sharti la mzigo mdogo wa asilimia 10, jambo la maana sana kwa kompyuta ambayo kwa sehemu kubwa ya siku imetulia tu. Vipimo hivyo hufanyika katika joto la kawaida la chumba, takriban nyuzi 23 za Selsiasi, ilhali hewa inayoingia kwenye pawasaplai ndani ya kompyuta inayofanya kazi nzito huweza kuwa na nyuzi 40 au zaidi.

Hakuna mahali popote katika nembo hiyo panapozungumzia usafi wa volti, uthabiti wake chini ya mzigo, wala ukweli wa kinga zake. Ni kweli kwamba mtengenezaji aliyejitahidi kufikia ufanisi mkubwa mara nyingi ametumia mzunguko wa kisasa na vipande bora, kwa hiyo nembo ya juu huambatana na sifa nyingine njema mara kwa mara. Lakini kuambatana si dhamana, na nimeona watu wakilipia nembo huku wakiacha kuuliza swali lililo muhimu zaidi. Wapo wapimaji kama Cybenetics wanaotoa madaraja ya ufanisi kwa kupima pointi nyingi za mzigo na kuongeza daraja la kelele; taarifa yao ina manufaa zaidi kwa anayetaka kusoma kwa undani.

SWALI: Programu niliyoweka kwenye kompyuta inaonyesha njia ya volti 12 ina volti 11.1. Je, pawasaplai inakufa?

JIBU: Usiitupe bado. Namba hiyo hutoka kwenye chipu ndogo ya ubao mama ambayo haisomi volti 12 moja kwa moja. Huzigawanya kwanza kwa rezista, kisha programu huzidisha kwa kiasi inachodhani ni sahihi kwa ubao huo. Programu ikikosea aina ya ubao, namba yote huharibika. Pima kwa multimita kama tulivyoeleza hapo juu. Mita ikionyesha volti 11.1 kweli, hiyo imeshavuka mpaka na ibadilishwe. Ikionyesha 12, programu ndiyo inayopotosha. Programu hizo hufaa tu kwa kutazama kama namba inashuka mzigo unapoongezeka.

SWALI: Nina UPS (kifaa cha betri kinachoendeleza umeme ukikatika) nzuri yenye betri mpya. Umeme ukikatika nikiwa naandika, kompyuta hubaki ikiwaka. Ukikatika nikiwa nafanya kazi nzito, huzimika papo hapo. Muuzaji wa UPS anasema tatizo ni pawasaplai. Inawezekanaje?

JIBU: Inawezekana kabisa, na swali lako linagusa kipimo ambacho wanunuzi wachache sana hukijua: muda ambao pawasaplai huendelea kutoa umeme sahihi baada ya umeme wa kwenye soketi kukatika.

UPS za kawaida za nyumbani na ofisini hazitoi umeme wa betri wakati wote. Husubiri umeme ukatike, ndipo zigeukie betri, na mgeuko huo huchukua milisekunde kadhaa, pengine kufikia 10. Katika pengo hilo kompyuta huishi kwa umeme uliohifadhiwa katika kapasita kubwa iliyo upande wa kuingilia wa pawasaplai. Mwongozo wa ATX kwa miaka mingi umetaka ishara ya umeme kuwa sawa ibaki kwa angalau milisekunde 16 baada ya umeme kukatika, ili pengo kama hilo lipite bila ubao mama kushtuka.

Hesabu yake ni nyepesi, na inaonyesha kwa nini mzigo huamua kila kitu. Kapasita ya mikrofaradi 390 iliyochajiwa hadi volti 390, ikiwa mzunguko unaweza kuendelea kufanya kazi mpaka volti zishuke hadi 300, ina takriban jouli 12 za kutumia. Pawasaplai inayotoa wati 500 kwa ufanisi wa asilimia 90 hula wati 555 hivi, kwa hiyo jouli hizo humalizika baada ya milisekunde 21 au 22. Weka kapasita ya mikrofaradi 220 badala yake, nao muda unashuka hadi milisekunde 12. Kapasita hiyo ni miongoni mwa vipande vya bei kubwa ndani ya pawasaplai, ndiyo sababu mtengenezaji anayebana gharama hukimbilia kuipunguza, na mnunuzi hana njia ya kuligundua jambo hilo kwa kuangalia boksi. Aidha, kapasita ya kimiminika hupoteza uwezo wake taratibu kadiri inavyozeeka katika joto, kwa hiyo pawasaplai iliyotimiza sharti ilipokuwa mpya huweza kushindwa baada ya miaka kadhaa. Unapoandika tu, kompyuta yako huenda inatumia wati 80, na kapasita hiyohiyo iliyochoka bado hutosha kwa muda mrefu.

Kabla ya kununua pawasaplai nyingine, hakikisha mambo mawili. Kwanza, mzigo wako mzito usizidi uwezo wa UPS kwa wati, na namba ya kuangalia ni wati, kwa kuwa ile ya volti-ampea huwa kubwa zaidi. Pili, angalia kama UPS yako ikiwa kwenye betri hutoa wimbi laini kama la umeme wa soketi au wimbi la ngazi, yaani linalopanda na kushuka kwa hatua. Baadhi ya pawasaplai zenye mzunguko hai wa kurekebisha kigezo cha nguvu hazipatani na wimbi la ngazi, na dalili yake ni hiyohiyo ya kuzimika chini ya mzigo mkubwa.

SWALI: Kibandiko cha pawasaplai yangu kimeandikwa wati 600 kwa herufi kubwa, lakini njia ya volti 12 imeandikwa ampea 28. Namba ipi niitegemee?

JIBU: Tegemea ile ya ampea. Ampea 28 mara volti 12 ni wati 336, na hizo ndizo zitakazogawanywa kati ya prosesa, kadi ya grafiki, feni na diski. Tuseme njia za volti 5 na 3.3 kwa pamoja zinaruhusiwa wati 130, na njia ndogo zilizobaki zinachangia wati 14 hivi: jumla inafika 480. Wati 600 zilizotangazwa hazionekani popote, na yawezekana ni kilele cha sekunde chache au ni maneno tu. Pawasaplai ya kuaminika huweza kutoa karibu uwezo wake wote kupitia njia ya volti 12. Pale kibandiko kinapoonyesha njia mbili za volti 12, usijumlishe ampea zake. Tafuta wati za pamoja, ambazo kwa kawaida huwa pungufu ya jumla hiyo.

Kama unataka kujua kompyuta yako inahitaji kiasi gani kwa kweli, tumia mita ya wati inayochomekwa kati ya soketi na plagi. Ikionyesha wati 350 wakati wa kazi nzito, na ufanisi ni takriban asilimia 88, basi pawasaplai inatoa wati 308 hivi. Acha nafasi ya kutosha juu ya hapo kwa ajili ya miruko ya kadi ya grafiki.

SWALI: Ninaposoma tathmini za kitaalamu nakuta michoro mingi. Nianzie wapi?

JIBU: Anzia kwenye mawimbi ya mabaki, yaani ile mitetemo midogo ya haraka inayobaki juu ya volti nyoofu baada ya umeme wa soketi kugeuzwa. Hupimwa kwa osiloskopu, chombo kinachochora mabadiliko ya haraka ya volti, iliyowekewa ukomo wa megahezi 20, pawasaplai ikibebeshwa mzigo na mashine maalumu. Mpaka wa ATX, kutoka kilele hadi bonde, ni milivolti 120 kwa njia ya volti 12 na milivolti 50 kwa njia za volti 5 na 3.3. Pawasaplai njema hubaki chini ya nusu ya viwango hivyo hata kwenye mzigo kamili. Mawimbi makubwa hayaui kompyuta siku ileile. Huzipasha joto kapasita za ubao mama na za kadi ya grafiki mwezi baada ya mwezi, na matokeo yake huonekana wakati ambapo hakuna anayekumbuka kuilaumu pawasaplai.

Halafu tazama kipimo cha mzigo usio na uwiano, ambapo njia ya volti 12 hubebeshwa sana na nyingine zikaachwa karibu tupu. Miundo ya zamani hudhibiti volti 12 na volti 5 kwa pamoja, hivyo moja ikivutwa chini nyingine hupanda. Miundo mipya hutengeneza volti 5 na 3.3 kutoka kwenye volti 12 kwa vigeuzi vidogo vya ndani, na kasoro hiyo karibu hutoweka. Mwisho, angalia tathmini ilifanyika katika joto gani. Mpimaji aliyeijaribu kwa nyuzi 45 amekuambia jambo ambalo wa nyuzi 25 hajakuambia.

Tathmini iliyopima volti kwa multimita na kelele kwa sikio, bila mashine ya mzigo wala osiloskopu, isome kwa ajili ya urefu wa waya na picha zake tu.

SWALI: Pawasaplai yangu ina umri wa miaka minane. Naweza kuifungua nikague kama kapasita zimevimba?

JIBU: Tunakusihi usiifungue. Kapasita ya upande wa kuingilia huchajiwa hadi karibu volti 400 katika pawasaplai nyingi za sasa, na huweza kubaki na chaji hatari hata baada ya plagi kuchomolewa. Mwenye ujuzi wa kuitoa chaji hiyo kwa usalama hana haja ya kutuuliza. Isitoshe, kapasita nyingi hupoteza uwezo bila kuvimba, kwa hiyo ukaguzi wa macho ungekupa utulivu usio na msingi. Vipande vilivyoandikwa nyuzi 105 hudumu kuliko vya nyuzi 85, na kwa makadirio yanayotumiwa na wahandisi, kila nyuzi 10 zinazopungua huongeza maisha ya kapasita mara mbili. Lakini hayo yote hayaonekani kwa nje. Unachoweza kufanya ni kupuliza vumbi kupitia matundu ukiwa umechomoa plagi, kusikiliza kama feni inakwaruza, kunusa kama kuna harufu ya kuungua, na kupima mteremko wa volti chini ya mzigo kama tulivyoeleza kwenye jibu la kwanza. Kama muda wa dhamana ulikuwa miaka mitano na kompyuta hiyo hubeba kazi usizoweza kuzipoteza, ibadilishe sasa, ikiwa bado inafanya kazi.